Fundi aliyempa mama mkwe ngozi bora kuliko dereva

Saa mbili kasoro robo asubuhi, katika karakana moja ya Anderlecht, Brussels, Bienaimé Cirhuza anafumua mshono alioushona mwenyewe. Anakata uzi mmoja mmoja kwa kisu kidogo, taratibu, maana ngozi ikichanika hapa hana wa kumsingizia. Wenzake hawajafika. Kahawa yake imepoa pembeni.

Mbele yake kuna gari la Kimarekani la mwaka 1931: refu, la wazi, rangi ya krimu, paa la turubai, taa mbili kubwa za mbele. Ni aina ambayo wakusanyaji wa magari ya kale huisaka kwa udi na uvumba. Mwenye gari, daktari wa meno mstaafu wa umri wa miaka 79, ameomba jina la kiwanda lisiandikwe gazetini, kwa kuwa wezi nao husoma magazeti.

"Onze jours," anasema Bienaimé, bila kuinua kichwa. "Siku kumi na moja nilishona hii kiti, na leo mie mwenyewe njo nabomoa. Bon. Kazi ni kazi."

Mkataba wake wa miezi sita unaisha kesho, Ijumaa. Hakuna aliyemwambia kama utaongezwa, na kilichomfikisha hapo ni kiti hiki kimoja.

Gari lina nafasi mbili ndani, ya dereva na ya mwenzake. Nyuma, mahali pa mizigo, kuna kifuniko. Ukikivuta kinageuka egemeo, na hapo hujitokeza kiti kingine, nje kabisa, kisicho na paa. Pétronille, mwenye karakana, alikiandika kwenye karatasi ya kazi kwa jina lake la Kifaransa: siège de belle-mère. Yaani kiti cha mama mkwe.

Kwa Wabelgiji ni utani wa tangu enzi za mababu. Mama mkwe huwekwa huko nyuma ale upepo na mvua, na maneno yake yaishie barabarani. Lakini Bienaimé ni Mshi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ana miaka 46, na utani huo hakuwahi kuusikia. Alisoma karatasi, akazunguka gari mara mbili, akavutiwa sana.

"Nilijiambia, huyu muzee ni muntu ya heshima," anaeleza. "Mama mukwe yake iko na kiti yake peke, iko na fasi yake ya kupandia. Donc, ngozi ya muzuri inapaswa kwenda kwa nani? Kwa chauffeur?"

Ngozi zilikuwa tatu, zimetengenezwa kwa agizo maalumu zifanane na zile za mwaka 1931. Mbili zilikuwa na makovu ya seng'enge. Moja ilikuwa safi, haina hata alama ya mbu. Makovu akampa dereva. Ile safi akaipeleka nyuma, akajaza nywele za farasi mara mbili ya kawaida, akashona mishono midogo ambayo hata jicho kali hutafuta sindano ilipopita. Kuuliza si ujinga, ni kweli, lakini nani atauliza maana ya mama mkwe?

Kilipokwisha hakukikalia kukijaribu, ingawa ndivyo mafundi wa viti wafanyavyo. Alinunua gunia la viazi la kilo 25, akaongeza mawili, akaviacha vikae humo usiku kucha.

Mkewe, Jémima, anayehudumia wazee majumbani huko Ixelles, hacheki akisikia hayo. Anasema kwao mkwe hakai mahali pa mama wa mkewe, wala hali mbele yake. Jina la mama huyo, Bibiane, gazeti hili limelipata kwa Jémima, kwa sababu Bienaimé halitamki.

"Akiona mama kwa video, anatoa kofia, kiisha anaenda kusimama kwa corridor," anasema Jémima. "Anamusemesha tu kupitia mie."

Heshima hiyo ina historia yake. Bienaimé alipokimbia Kivu miaka kumi na minne iliyopita, na Jémima akamfuata mwaka uliofuata, watoto wao wawili walibaki kwa bibi yao. Mama Bibiane aliwalea miaka minne, akauza sabuni na chumvi sokoni Kadutu kuwasomesha, hadi karatasi za kuwaunganisha zilipotoka. Walipofika Brussels walikuwa wamenenepa na wanajua kusoma. Bienaimé anasema siku ile, uwanja wa ndege, alilia kuliko watoto.

Maisha ya hapa hayakumpokea kwa maua. Kwa miaka saba alisafisha ofisi za Quartier européen, mtaa wa Umoja wa Ulaya, akiingia na metro ya kwanza kushuka kituo cha Schuman, kwa euro 1,400 kwa mwezi. Bukavu alikuwa fundi wa viti vya magari na makochi. Hapa alikuwa mtu wa ndoo. Siku moja aliona kiti cha mkutano kimechanika, akakishona kwa sindano aliyotembea nayo mfukoni. Mfanyakazi mmoja wa ofisi ile, mpenzi wa pikipiki za zamani, aliuona mshono, akauliza ni wa nani, akampa anwani ya Pétronille.

Pétronille, mwanamke wa miaka 63 aliyerithi karakana kwa baba yake, ndiye aliyegundua kosa wiki iliyopita. Alifungua kifuniko, akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akageukia kiti cha dereva, na kicheko kikamkauka.

Wakusanyaji hutaka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, na kiwandani kiti cha nyuma kilivikwa ngozi bandia, ngozi halisi ikabaki mbele. Maonyesho ya magari ya kale ambako litapelekwa yamebakiza wiki tano. Ngozi iliyokwisha kukatwa kwa ajili ya nyuma haitoshi mbele. Pétronille alimwita Bienaimé, akamweleza kosa, na mwisho akalazimika kumweleza na utani wenyewe.

Bienaimé hakucheka. Aliuliza kama ni matusi. Pétronille alikiri kwamba ndiyo, kwa namna fulani ni matusi.

Jumatatu daktari alikuja kujionea. Hakufoka. Alipapasa mishono kwa kidole, akasema hajawahi kuona kazi nzuri namna ile, kisha akataka yote yaondolewe. Ni haki yake. Gari ni lake. Tangu siku hiyo Bienaimé hajalala vizuri, na Jémima anasema ameanza tena kuweka saa ya kengele kwa wakati wa metro ya kwanza, kama mtu anayejizoeza kurudi kwenye ndoo.

Ijumaa saa tisa alasiri Pétronille anamwita ofisini. Mezani kuna karatasi mbili: oda ya ngozi mpya, na mkataba usio na mwisho. Bienaimé anausoma wote, kila ukurasa, kisha anauanza upya.

"Nimeajiri mafundi miaka thelathini," Pétronille analieleza gazeti hili baadaye. "Aliyezidisha uangalifu nilimfundisha kupunguza. Aliyepungukiwa nao sikuweza kamwe kumwongezea." Anaongeza kwamba yeye pia ni mama mkwe. Mkwe wake yuko Liège, humtumia kadi kila mwaka mpya, na hajawahi kumuuliza angependa kukaa wapi.

Hata kiti kilichofumuliwa alitaka kumpa Bienaimé akitume kwa mama mkwe wake. Mama Bibiane sasa anaishi Bujumbura kwa binti yake mdogo, tangu vita vilipozidi Kivu. Lilikuwa wazo la upendo, na Bienaimé alilikataa kwa adabu zote.

"Nilimwambia, non, Madame. Kitu yenye muntu mwingine alikatala, siwezi tuma kwa mama mukwe."

Atashona kipya. Ngozi ameshaichagua kwa muuzaji wa karibu na Porte de Namur, na vipimo Jémima alivichukua kwa simu, mama yake akipima goti kwa kamba. Mama Bibiane alipoambiwa ni vya nini, alikubali kwa sharti moja, likapitia kwa binti yake kama yote yapitavyo: kiti asikitume kwa mtu, akilete mwenyewe.

Kwa mkataba huu Bienaimé ana likizo ya kulipwa, na pasipoti ya Ubelgiji aliipata mwaka jana. Anapanga kuondoka Agosti. Kiti kitafunguka vipande viwili viingie kwenye masanduku. Miaka kumi na minne hajasimama kwenye nyumba moja na mwanamke aliyemlelea watoto wake, na hata huko, anasema, hatamwona akikikalia.

"Nitaiweka kwa salon ya nyumba yake, kiisha nitatoka inje, nitasimama kwa mulango," anasema. "Nitasikiliza tu. Akikaa, nitasikia."