Sauti ya Riziki Juu ya Sikio la Kushoto

Wengi mnanijua kama fundi cherehani wa pale Mwanga, upande huu wa ziwa. Kabla ya hapo nilishona katika mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, mdogo wangu Riziki akinikatia vitambaa. Vita vilipofika tulipanda boti iliyojaa kupita kiasi. Tukiwa tumekaribia upande huu, wimbi likatupiga. Kichwa changu kikagonga chuma cha injini, juu ya sikio la kushoto. Riziki akaangukia majini, akaniita kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Yaya, nishike!"

Sikumshika.

Mama mdogo, aliyeolewa huku, mtaa wa Gungu, siku nyingi, alinipokea. Kidonda kikapona. Miezi ikapita, nikaanza kusikia harufu ya petroli mahali pasipo na petroli. Kisha sauti, wazi kabisa: "Yaya, nishike!" Halafu giza. Nikizinduka ulimi una damu, nguo zimelowa mkojo. Majirani wakasema marehemu anadai haki yake. Mimi sikutaka hata aitwe marehemu. Nilikataa matanga. Mtu anayekuita utamlilia vipi?

Asubuhi moja, ufukweni Ujiji, niliifuata sauti ile ziwani. Mama mdogo alinikuta maji yamenifika kifuani. Akanivuta kwa nywele mpaka mchangani, akanipeleka hospitali.

Daktari alitazama picha ya kichwa changu, akachora ubongo kwenye karatasi.

"Hapa ni pa kusikia. Jirani yake ni harufu na kumbukumbu. Ramani hii, kwa sehemu kubwa, ni moja kwa watu wote. Wewe una kovu hapa. Likichokoza, vyote vinaamka pamoja."

"Lakini ananiita mdogo wangu, daktari."

Hakubishana. Alimwomba mzee mmoja wa Kasulu, aliyekuwa akisubiri dawa, anisimulie yake. Mzee huyo alianguka kutoka juu ya mchikichi zamani.

"Mimi nasikia harufu ya mawese yakiungua, mwanangu. Kisha marehemu mama ananiita nikale. Nikizinduka niko chini. Na hilo ziwa lenu sijalivuka hata siku moja."

Niliogopa kuliko siku ya boti: kama ni kovu, basi Riziki haniiti.

Nikapewa vidonge. Nilivificha shavuni na kuvitema, maana vingemnyamazisha. Siku ya nne nikaangukia jiko la mkaa. Mkono huu mnaouona uliungua hapo. Mama mdogo alinipaka dawa huku analia: "Nimeshapoteza mmoja. Na wewe unataka nikuzike?"

Nikameza.

Wiki kadhaa baadaye harufu ikaja. Niliacha cherehani, nikasimama kusubiri. Kimya. Nilisubiri mpaka jua likahama mlangoni. Kwangu mimi, Riziki alikufa siku ile. Tukamkalia matanga bila kaburi.

Namshukuru Mungu, na mama mdogo, na yule mzee. Wenye kifafa, mezeni dawa, msiache bila kumwuliza daktari. Ndugu zao, msiwaache peke yao karibu na moto wala maji, na msiseme wana mapepo. Na wewe ambaye ugonjwa wako unakuja na sauti ya mtu unayempenda, sitakudanganya. Ukipona, itanyamaza. Pona hivyo hivyo.