Sanduku la Mbwa wa Memsabu

Jeconia Odero alikuwa seremala wa shamba moja la wazungu huko Nyansiongo. Alipoambiwa atengeneze sanduku la mtoto wa mbwa atakayepelekwa Uingereza kwa ndege, alimlaza mbwa ubavu, akampima kwa kamba toka kichwa hadi mkia. Mkono wake ulizoea hivyo, maana majeneza yote ya pale shambani aliyatengeneza yeye.

Memsabu alipoliona sanduku alicheka. "Fundi, huyu hajafa! Lazima aweze kusimama na kujigeuza."

Jeconia hakucheka wala hakuudhika. Tangu amzike bintiye Anyiko, maneno ya watu yalikuwa yakimpita tu. Alizibandua mbao, akainua kuta, akatoboa matundu ya hewa, kisha akaliacha sanduku barazani, mlango wazi, ili mbwa azoee kulala humo.

Siku ya safari Memsabu alivua sweta yake kuukuu, akaitandika ndani.

"Sijaifua makusudi," alisema. "Akisikia harufu ya nyumbani hataogopa."

Anyiko walimzika na gauni jipya, lenye harufu ya dukani. Mama yake, Akong'o, alitaka kumfunika kwa ile leso aliyokuwa akimbebea mgongoni. Jeconia ndiye aliyekataa. Imechakaa, alisema, watu watatuonaje?

"Haya, fundi, funga."

Jeconia akapapasa mfukoni kutafuta misumari, kisha akakumbuka kwamba sanduku hili lina komeo, kwa sababu huyu atafunguliwa.