Ng'ombe wa Baba Mkwe

Barua ile niliiandika mimi, kwenye meza ya jikoni kwetu Kitale. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijiona najua kila kitu kinachoweza kuandikwa.

Aliyeniomba ni dada yake baba, ambaye sisi humwita senge. Alikuwa amesomea chuo cha kilimo cha Mabanga kazi ya kupandisha ng'ombe kwa sindano, mwanamke peke yake darasani. Mradi mmoja wa maziwa, uliotaka kuajiri wanawake, ukampa baiskeli, mtungi wa mbegu za fahali uliofuka moshi wa baridi kila ulipofunguliwa, na glavu za plastiki zinazofika begani. Kitale walimcheka kwanza. Nakumbuka shosho mmoja, bibi kizee mjane ambaye watu wake walihamia kutoka Mkoa wa Kati zamani, akimkagua toka miguuni hadi kichwani.

"Ati wewe ndio daktari? Na hako kamkono?"

"Shosho, kamkono ndiko ng'ombe anapenda. Si umuulize."

Shosho alicheka mpaka akashikilia ukuta wa zizi. Tangu siku hiyo hakutaka daktari mwingine.

Lakini watoto wa senge walikuwa Bungoma kwa mama mkwe wake, naye aliwaona mwisho wa mwezi tu. Kitinda mimba alikuwa ameanza kumwita "yule mama wa Kitale." Ndipo akaniambia niandike kuomba uhamisho.

"Andika Kanduyi," alisema, "ama popote karibu na mji wa Bungoma." Akapanda baiskeli, maana ng'ombe aliyeonyesha joto asubuhi hupandishwa jioni, na jioni ilikuwa imefika.

Nikawaza kwamba ombi lingepata nguvu likitaja nyumbani. Nikaandika kijiji cha mume wake. Aliporudi alitia sahihi bila kusoma, kwa kuniamini.

Walikubali upesi. Wakubwa walifurahi: mwanamke, tena anarudi kwao.

Kwao! Mtu aliyekulia Bungoma angelijua kosa kabla wino haujakauka. Kwetu Wabukusu, mke na baba mkwe wake hawashikani mikono wala hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Na baba mkwe si mzee mmoja. Ni ndugu zake, ni binamu zake, ni wazee wote wa ukoo, na kijiji kile kilikuwa ukoo mmoja. Halikuwapo zizi ambalo senge angeingia, akakunja nguo mpaka begani, akatia mkono ndani ya ng'ombe mbele ya mwenyewe.

Alikuwa amepewa miezi mitatu aonyeshe kazi, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Nilipomtembelea, mwezi wa kwanza ulikuwa umepita bila ng'ombe hata mmoja. Siku hiyo ng'ombe wa baba mkwe mwenyewe alilia joto tangu alfajiri.

"Mwambie asikaribie," mzee alimwambia mkewe, kwa sauti iliyotufikia sote. "Nikose ndama, sawa. Nisikose heshima."

"Mwambie joto litaisha kesho," senge akajibu, macho chini.

"Mwambie liishe."

"Bana, si mnasikiana nyinyi wawili!" mama mkwe akafoka. "Mimi ni simu?"

Mume wa senge akanyoosha mkono. "Lete glavu. Wewe sema tu."

Akaingia zizini. Senge alisimama nyuma ya migomba, amewapa mgongo, akitoa maagizo. "Polepole. Mbele kidogo. Umeshika kitu kigumu kama shingo ya kuku? Hapo hapo." Vidole vyake vilikuwa vikikunjuka na kukunjika hewani, vikitafuta.

Ng'ombe yule alishika mimba, na wengine waliofuata, zizi baada ya zizi, kwa namna hiyo hiyo. Miezi mitatu ilipoisha, afisa wa mradi alizunguka akiuliza nani alipandisha. Wazee walijibu kweli tupu: mtoto wetu. Kazi akapewa mume, pamoja na baiskeli na mtungi. Afisa akaandika kwamba huku mwanamke alijaribiwa, hakuweza.

"Kwa nini hukumwambia afisa?" nilimuuliza senge.

"Nimwambie kwamba nilifundisha nikiwa kwenye migomba?"

Nikamkiria kwamba kijiji kile nilikiandika mimi baruani; yeye alidhani ni mradi uliomchagulia. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Hata Kanduyi kuna wakwe," alisema.

Sijui mpaka leo kama alinisamehe au alinieleza tu jinsi dunia ilivyo. Mumewe alisifiwa kote kwa mkono mwepesi. Alikuwa mtu mwema. Jioni alijaribu kumsimulia senge kazi ya siku, naye senge alisema, "Vizuri," akaenda kuosha vyombo.

Ndama wa ng'ombe yule wa kwanza alipozaliwa, baba mkwe alimtuma mkewe na jogoo mkubwa mwekundu.

"Mzee anasema umemheshimu sana. Wake kama wewe ni wachache."

Senge alipiga magoti uani, mbali na mlango wa mzee, akashukuru kwa mikono miwili.