Aliandika mikataba mia sita ya nyumba, wake ukakataa

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Sharafiya, Jeddah. Protus Wanyama yuko nyuma ya kompyuta katika ofisi ya dalali wa nyumba. Mbele yake ameketi Lewis, dereva kutoka Kisii, anayetafuta chumba.

"Lete ikama," Protus anasema. Anakipokea kibali hicho cha ukaazi, anaandika. "Namba ya simu? Na hii laini ni yako, ama ilisajiliwa na mtu mwingine?"

Lewis anacheka kidogo. "Ni ya jamaa yangu, bro. Lakini ninayo mimi."

"Basi hatuna mkataba. Enda hapo nje uweke kidole, upate laini yako. Yalla!"

Si ukali. Mkataba wa nyumba huku hauandikwi kwa kalamu ukapigwa muhuri, basi. Unaingizwa kwenye mfumo wa serikali pamoja na hati ya jengo na ikama ya mpangaji, halafu mwenye nyumba na mpangaji wote wanaukubali kwa simu. Simu ya mpangaji ikiwa ya jina la mtu mwingine, kazi yote ni bure.

Kwa miaka minne Protus, 38, mzaliwa wa Webuye, ameandika zaidi ya mikataba mia sita. Muda wote huo mwenyewe amelala kwenye chumba cha wanaume wanane. "Ukiingia jioni, kila mtu ameshika simu anaongea na kwao," anasema. "Watu wanane, na huna wa kuongea naye. Upweke wa pale, acha tu."

Mkewe, Priscah, hayuko Kenya. Yuko Riyadh, mfanyakazi wa ndani, karibu kilomita elfu moja kutoka Jeddah. Nchi moja, lakini kwa miaka mitatu wameonana mara moja tu, kwa saa mbili, ndani ya duka kubwa, madam, mwajiri wake, akisubiri kando. Binti yao Ivy analelewa na nyanya yake.

Mwezi uliopita madam alilegeza kamba. Akampa Priscah siku kumi za kwenda kwa mumewe, kwa sharti moja. "Alisema hawezi kunipeleka kwa chumba cha wanaume," Priscah anaeleza kwa simu, sauti ikiwa chini. "Anataka kuona mkataba, jina la Baba Ivy liko hapo. Mwisho Alhamisi. Ikipita, mafi, hakuna likizo."

Protus akapata nyumba ya chumba na jiko, riali 14,000 kwa mwaka. Mshahara wake ni 2,800 kwa mwezi. Akalipa nusu ya kodi, akiba yote ikaenda. Alhamisi mchana akaketi kuandika, kwa mara ya kwanza, mkataba wenye jina lake. Akajaza, akabonyeza.

Mfumo ukakataa. Namba ya simu si ya mwenye ikama.

"Mimi! Mimi ninayefukuza watu kila siku kwa hilo hilo!" Protus anajipiga paji la uso. "Kweli mganga hajigangi."

Laini ile ilisajiliwa na Hezekiah, mtu wa kwao aliyempokea Protus alipokuja Jeddah kufanya kazi bandarini, kabla hajapata ikama. Wengi huanza hivyo. Hezekiah alirudi nyumbani, na mwaka juzi akafariki. Protus hakuibadilisha. "Ndicho kitu cha pekee kilichobaki kutoka kwake. Kuiacha niliona kama kumzika mara ya pili."

Siku hiyo aliiacha. Akakimbia duka la simu la jirani, akaweka kidole gumba. Mashine haikusoma. Kazi ya bandarini ilikuwa imekwangua vidole vyake. Akajaribu cha pili, cha tatu, mwenye duka akitazama saa, kwa maana adhana ya alasiri ilikuwa karibu na duka lingefungwa. Kidole cha nane kikakubali. Saa kumi na moja jioni mwenye nyumba naye akakubali, na mkataba ukapita, akautuma kwa Priscah kwa simu.

Bosi wake alimpigia makofi. Protus hakuwa na nguvu hata ya kucheka.

Mpango wake ni kwamba Priscah amalize muda wake Riyadh mwezi wa pili, kisha apate kafili, yaani mwajiri mdhamini, mwingine hapa Jeddah, pengine mtaa wa Al-Rawdah. Hayo bado ni maombi. Lililo hakika ni basi la Jumapili litakalomleta Priscah kwa siku zake kumi.

Jioni ile ya Alhamisi alikwenda peke yake kwenye nyumba yake, akaketi sakafuni kwa sababu hakuna kiti. Simu ikalia.

"Baba Ivy, madam ameuona. Amesema sawa," Priscah akasema. "Sasa nisomee. Ni Kiarabu, sijui umeandika nini."

Akamsomea kwa Kiswahili, kipengele kwa kipengele. Mwenye nyumba atengeneze mabomba. Mpangaji asimpangishe mtu mwingine. Watakaokaa humo: Protus na Priscah.

"Rudia hapo."

"Watakaokaa humo: Protus na Priscah."

 Alimsikia mkewe akivuta kamasi.

"Rudia tena, baba."