Goti la Miaka Sabini na Mbili

Ngazi za nyumba yao zilikuwa kumi na nne, na kwa wiki tatu sasa Winga alikuwa akizishuka kinyumenyume, ameshika ukingo kwa mikono miwili, kama mtu anayeteremka kisimani. Alikuwa na maelezo yake. Kushuka hivyo, alisema, kunaimarisha misuli ya nyuma ya paja. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikwisha kusikia kila sababu ambayo binadamu anaweza kuitoa kwa kazi asiyoifanya, kwa hiyo hakuinua hata macho kutoka kwenye madaftari.

"Ngazi unazishuka kinyumenyume, baba watoto," alisema. "Jumapili unataka kumkimbiza nani?"

"Uwanja hauna ngazi, mama."

"Haya. Na wewe huna goti."

Winga alikuwa na miaka hamsini na sita. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei hospitalini, chumba cha mwisho kwenye korido, na kazini walimwita Mzee wa Picha. Hilo hakulipenda. Jina alilolipenda lilikuwa la Jumapili, kwenye timu ya maveterani, ambako kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amecheza pembeni kushoto akiwa na jezi namba kumi na moja. Jezi ile aliifua mwenyewe kwa mikono. Mashine, alisema, inachubua namba.

Timu yao ilikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa. Nyingine, kama vile kufika mapema na kutomtukana mwamuzi, zilikuwa pambo. Sheria yenyewe ilisema hivi: hakuna mchezaji anayetolewa uwanjani na mtu mwingine. Aliyechoka hunyoosha mkono mwenyewe. Akishaunyoosha, anaivua jezi palepale na kumkabidhi aliyeko benchi, na namba imehama, hairudi tena. Waliitunga wakiwa bado na pumzi, ili kulinda heshima ya mtu. Miaka ilivyokwenda ikawageuka. Kwa hofu ya kueleweka vibaya, wote walijizoesha kucheza mikono imebanwa mbavuni kama askari wa gwaride. Kona waliidai kwa mdomo. Pasi waliiomba kwa miluzi. Wapinzani walidhani ni mbinu, na timu moja ya ng'ambo ya reli ilijaribu kuiga.

Muuza nyama, aliyekuwa beki wa kati, aliwahi kuunyoosha mkono ili afukuze nyuki. Huu ulikuwa mwaka wa tatu sasa anashika kibendera pembeni mwa uwanja.

Benchi alikaa Mtoto. Waliompa jina hilo hawakuwa na ubaya, maana alipojiunga ndiye alikuwa mdogo kuliko wote. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitatu, ndevu zimeanza kuingia mvi, na kwa misimu sita mfululizo alikuwa amepasha misuli moto kila Jumapili, akatoka jasho, kisha akakaa. Alicheza pembeni kushoto. Jezi yake haikuwa na namba.

Ijumaa, watu walipokwenda kula mchana, Winga alifunga mlango wa chumba chake na kupanda mezani yeye mwenyewe. Hapakuwa na wa kumbonyezea, ila swichi ya mashine ile kuukuu ilikuwa na waya mrefu wa kujikunjakunja, akauvuta mpaka ukamfikia. Kwa miaka thelathini alikuwa amewaambia wagonjwa maneno yaleyale, na sasa yalimtoka bila kufikiri.

"Tulia. Usisogee."

Akasogea. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Alijikaripia kama anavyowakaripia wengine, akarudia, na safari hii akabana pumzi ingawa goti halipumui.

Alipoitundika filamu kwenye kisanduku cha taa, alisimama mbele yake muda mrefu. Alikuwa ameona mifupa ya watu wengi kwenye mwanga ule mweupe, ya wakubwa na ya wapishi wao, na alikuwa amezoea kuitazama bila huruma. Hii ilikuwa ya kwake. Pale palipotakiwa kuwa na nafasi kati ya mfupa na mfupa, palikuwa na mstari mwembamba kama ufa wa mlango. Mabao yote ya miaka ile yalikuwa yamepita mle ndani, na kila krosi, na kila mruko wa kushangilia, na hakuna hata moja lililoacha alama iliyofanana na furaha. Kilichoonekana ni chokaa.

Alihitaji kauli ya daktari, lakini si kwa jina lake. Daktari wa mifupa alikuwa binti mdogo kuliko kifungua mimba wa Winga, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Basi kwenye kona ya filamu, mahali pa jina, akaandika namba tu. Mahali pa umri, ili kumpoteza kabisa, akaandika sabini na mbili.

"Shikamoo, mzee," daktari alisema alipomwona mlangoni.

"Marahaba. Kuna huyu mzee mmoja. Niangalizie goti lake kabla hajarudi."

Daktari aliinua filamu dirishani, akaigeuza, akasoma umri. Nyusi zake zikapanda.

"Miaka sabini na mbili? Hongera zake. Hili ni goti zuri sana."

"Zuri?"

"Zuri mno. Mwambie aendelee na anachokifanya. Ningekuwa na wazee kumi kama huyu ningelala saa za kazi."

Winga aliirudia korido kwa mwendo wa mtu aliyepandishwa cheo. Goti zuri sana. Zuri mno. Kwamba sifa hizo zilikuwa za mzee asiyekuwepo, aliyezaliwa kwa kalamu dakika kumi kabla, hilo halikumpitia akilini, au lilipita mbio sana asilione. Jioni ile alizishuka ngazi akitazama mbele. Alizishuka zote kumi na nne, na ya mwisho aliiruka.

"Daktari kasema goti zuri sana," alimwambia mkewe, huku akisubiri maumivu yapungue ili aweze kuondoka pale chini.

"Goti la nani?"

"Langu, mama. La nani tena."

Mkewe alimtazama kwa jicho lile la mwalimu aliyeona jibu sahihi lisilo na njia. Akarudi kwenye madaftari yake.

Jumapili waliumana na wale wa ng'ambo ya reli. Ilichukua nusu saa kufunga bandeji na dakika tano kupasha misuli. Beki aliyepangiwa kumkaba Winga alikuwa mgeni, kijana wa miaka thelathini na sita, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee," alisema, kisha akasimama mbele yake kama kabati.

"Marahaba. Mzee ni baba yako."

"Baba aliacha mpira zamani. Magoti."

Kipindi cha kwanza Winga aliugusa mpira mara mbili, zote kwa bahati mbaya. Cha pili kilipofika katikati ndipo alipotumiwa ule mpira. Ulikuja mrefu, ukadunda, ukamtulia mguuni kama unaomjua. Akamwacha kabati kwa kumzunguka, na kwa hatua saba au nane akawa na miaka thelathini. Akapiga krosi. Beki alijitupa, mpira ukamgonga paja ukatoka nje, na Winga akatua chini kwa mguu mmoja, goti likatoa mlio ambao mshika kibendera aliusikia.

Ilikuwa kona. Kila mwenye macho aliona ni kona. Mwamuzi akaashiria mpira wa golikipa.

Na Winga, akiwa amesimama kwa mguu mmoja, hasira na haki vikiwa vimempanda kwa pamoja, akaunyoosha mkono.

Nahodha alijishika kichwa. Muuza nyama alishusha kibendera taratibu, kwa heshima, kama mtu anayempokea mwenzake. Winga alitazama mkono wake ukiwa kule juu, akajua umefanya nini. Angeweza kusema. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka: nadai kona, jamani, ni kona. Wangemwamini, maana wote walikuwa wakilala na hofu ileile.

Kisha akamwona Mtoto. Alikuwa amesimama pembeni ya benchi, mikono imening'inia, hathubutu kusogea. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyeitwa jina lake katika chumba cha kungoja, akawa hana hakika kama ni yeye. Ndevu zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko Winga alivyokumbuka. Misimu miwili zaidi, na yeye pia angekuwa na goti.

Winga hakuushusha mkono. Akaivua jezi, na kwa kuwa kichwa kilikwama kwenye shingo ya nguo, akapata muda wa kujifuta uso humo ndani.

"Usiifue kwa mashine," alimwambia Mtoto.

"Siwezi, mzee wangu."

"Na ukitaka kona, tumia mdomo."

Walifungwa mabao mawili kwa bila. Mtoto alikimbia kama mtu anayelipwa.

Jumatatu asubuhi Winga alizishuka ngazi kinyumenyume, bila maelezo, na mkewe akamshikia mfuko wa chakula bila swali. Kazini aliitoa filamu ile ndani ya droo. Akakata sabini na mbili kwa mstari mmoja, akaandika hamsini na sita, na mahali pa jina akaandika la kwake. Akaipeleka.

Daktari aliisoma kona ya filamu, akamtazama yeye, akaitazama tena filamu. Hakucheka, na kwa hilo Winga alimshukuru moyoni.

"Kwa miaka hamsini na sita, mzee wangu, hili ni goti baya sana."

"Ila kwa sabini na mbili ni zuri."

"Zuri mno."

Winga alivuta kiti, akakaa, akaunyoosha mguu mbele yake taratibu.

"Basi imebaki miaka kumi na sita tu," alisema. "Niandikie dawa za kusubiria."