Jozi Sita za Rangi ya Waridi

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, nilisukuma mlango wa lile ghala la zamani la mahindi hapa Tunduma nikamkuta binti yangu Sekela amebana kiatu kipya kwenye bawaba za mlango wa stoo, anaufunga mlango kwa nguvu zake zote. Kiatu kililia kama kuni kavu. Nina uhakika na dakika kwa sababu nilitazama saa ya ukutani. Sikujua pengine pa kutazama.

Nilikuwa nimempelekea chakula alichosahau nyumbani. Sekela ana miaka kumi na saba, na ndani ya ghala hilo wasichana sita hujifunza bale, ile dansi ya kusimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Mwalimu wao ni Madamu Mwila, mama wa upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia, aliyejifunza dansi hiyo Lusaka ujanani. Kesho yake, saa tisa alasiri, wangecheza mbele ya wazazi na mbele ya mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kuchagua msichana mmoja wa kusomeshwa dansi kwa miaka miwili. Wazazi wote tulijua kwamba Sekela ndiye aliyekuwa akitajwa.

Mimi ni fundi viatu. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kubomoa viatu vya mitumba na kuchora kwenye daftari kila kipande kilipokaa. Kwa hiyo nilichokiona asubuhi ile kilinishtua mara mbili, kama baba na kama fundi. Msichana mmoja alikuwa anagonga ncha ya kiatu kwenye saruji. Mwingine alikuwa anachana kitambaa cha mbele kwa wembe. Monika, rafiki wa Sekela, alikuwa amekalia kiatu chake kama kigoda. Vyote vilikuwa vipya, vya rangi ya waridi, vimeletwa kutoka Lusaka wiki ileile kwa michango yetu wazazi.

"Shikamoo baba," Monika akasema bila kuinuka juu ya kiatu.

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Tunavilainisha."

"Kwa mlango?"

"Ukikosa mlango, baba, unatumia nyundo." Wakacheka wote.

"Ndivyo inavyotakiwa, baba," Sekela akasema. "Kikiwa kigumu, mguu haupindi."

"Kikiwa kigumu ndiyo kizima."

"Haya, baba. Nipe wali wangu."

Madamu Mwila alikuwa amevuka mpaka kufuata mavazi, kwa hiyo sikuwa na mtu mzima wa kumwuliza. Maneno ya wasichana sikuyaamini. Hiki ndicho kizazi kinachokwenda dukani kununua suruali iliyokwisha kuchanika magotini, tena kwa bei ya juu kuliko nzima. Nilidhani ni fasheni nyingine.

Wenzangu wa rika langu watanielewa. Tulipokuwa wadogo kule kijijini Ruanda, wilaya ya Mbozi, kiatu kilikuwa na heshima yake ndani ya nyumba. Kilikaa juu ya kabati, karibu na Biblia, kimefungwa kwenye gazeti. Jumapili tulikwenda kanisani miguu peku, viatu vinaning'inia shingoni kwa kamba zake. Chini ya kanisa palikuwa na kijito. Hapo tulinawa miguu kwa maji yaliyokuwa ya baridi hadi kwenye mifupa, tukaifuta kwa majani, tukavaa tukiwa tumeshikana mabega tusianguke. Ibada ikiisha tulivua palepale. Mtu angepita kwenye kijito kile saa nne asubuhi angedhani ni soko la viatu.

Viatu vyangu vya kwanza nilivipata darasa la tano, mwaka ambao kahawa ilimlipa baba vizuri. Nasema vyangu, lakini tulivivaa wawili, mimi na kaka yangu Yohana. Yeye alikwenda ibada ya kwanza, mimi ya pili, tukabadilishana kwenye kona ya shamba la jirani. Kwake vilibana, kwangu vilipwaya, hivyo hapakuwa na wa kumwonea wivu mwenzake. Jumamosi jioni tulivipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta, na harufu ile mpaka leo ndiyo harufu yangu ya Jumapili. Siku moja nilikwaruza kimoja kwenye jiwe, na goti langu likachanika pamoja nacho. Baba alikitazama kiatu kwanza.

"Goti litapona lenyewe," alisema. "Hiki nani atakiponya?"

Nafikiri ufundi wangu ulianza siku ile. Nilitaka kuwa jibu la swali la baba.

Sasa, pale ghalani, Sekela alivua viatu ili ale, nikaiona miguu yake. Vidole vilikuwa vimefungwa plasta, kidole gumba cha kulia kina ukucha mweusi, na kisigino kimechubuka kikawa chekundu kama nyanya. Nyumbani huwa anavaa soksi, sikuwahi kujua. Sisi tulicheza ngoma ya shule peku kwenye udongo mwekundu, visigino vimepasuka, tukiziba nyufa kwa nta ya mshumaa, lakini hatukufikia hapo. Nilimpa lile bakuli la wali. Miguu sikuweza kuitibu. Viatu niliviweza.

Saa nane mchana wasichana walirudi makwao kupumzika, wakaacha viatu kwenye kikapu ghalani. Nilimwambia mlinzi kwamba mimi ni baba yake Sekela, fundi, nakwenda kuvirekebisha. Akanisaidia kukibeba kikapu hadi kwenye bodaboda.

Nilifanya kazi mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni. Jozi tano nilizitia gundi na kuziwekea kadibodi mpya ndani ya soli. Ya Sekela niliiacha mwisho ili niifanye kwa utulivu. Niliweka ukanda mwembamba wa chuma kutoka kisigino mpaka ncha, nikafunika ncha kwa ngozi laini, nikaishona kwa uzi wa nailoni mara mbili. Sijawahi kushona vizuri namna ile. Nilichora kila hatua kwenye daftari. Usiku Sekela aliloweka miguu kwenye maji ya chumvi akiwa ameketi jikoni, na mara mbili nilikaribia kumwambia. Nikajizuia. Nilitaka ashangae.

Alishangaa. Jumapili, saa saba na nusu, nilikiweka kikapu katikati ya ghala mbele yao wote. Madamu Mwila aliokota kiatu, akajaribu kukikunja, kikakataa. Akaokota kingine.

"Mwe bantu!" alisema kwa lugha ya kwao, kama sisi tunavyosema "Jamani!" Kisha, taratibu, kwa Kiswahili: "Nani amefanya hivi?"

Nikainua mkono. "Mimi, Madamu. Bure kabisa."

Hakuna aliyecheka. Monika alianza kulia. Madamu Mwila hakunifokea. Alinieleza kama anavyomweleza mtoto, na kila neno lilizidi kunishtua. Kiatu hiki hutoka kiwandani kikiwa kigumu ili kila mchezaji akivunje kwa umbo la mguu wake mwenyewe. Wasichana walikuwa wamefanya kazi hiyo siku tatu. Kikishalainika hudumu maonyesho machache, kisha hutupwa. Nilimwuliza kama nimesikia vizuri. Hutupwa? "Hutupwa, baba Sekela."

Ilibaki saa moja na nusu. Nilitoa kisu changu, tukakaa chini sakafuni, mimi na wasichana watano, tukabandua kadibodi zangu moja moja. Monika akanipa kiatu chake na kunionyesha mlango wa stoo. Nikakibana kwenye bawaba kwa mikono yangu mwenyewe, nikafunga. Kililia.

Ndipo nilipoikumbuka ngoma ya shule. Mwaka tuliopata ngoma mpya, siku ya kwanza ililia kama mtu anayegonga boga. Mwalimu alituamuru tuikwangue ngozi kwa kipande cha chupa, tuilowanishe, tuianike, tuipashe moto wa magunzi, na tuipige siku mbili mfululizo hata kama hakuna anayecheza. Baba alipita akatukuta tukiikwangua. "Mnaharibu kitu kizima!" alifoka. Sisi tulicheka, tukaendelea, kwa sababu tulijua. Siku ya tatu sauti yake ilifika hadi ng'ambo ya mashamba ya kahawa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nililijua jambo hilo vizuri kabisa. Sijui nililiacha wapi.

Jozi nne zilipona. Ya tano ilipona nusu, na mwenye nayo akasema ataivumilia. Sekela alikuwa amekaa pembeni na vyake mapajani.

"Vyangu umevishona, baba?"

"Nimevishona."

"Uzi gani?"

"Nailoni." Nikachukua kisu changu. "Mara mbili."

Nilikata uzi. Nilipovuta ule ukanda wa chuma, soli ilitoka pamoja na nusu ya ncha, ikabaki mkononi mwangu kama gamba. Viatu vyake vya zamani vilikuwa vimelegea kama soksi, na Madamu Mwila alimkataza asivivae, angevunjika kifundo cha mguu. Vya wenzake havikumwingia. Saa tisa pazia lilipofunguliwa, Sekela alikuwa nyuma yake, anamshikia Monika shali ya kubadilisha. Mgeni alimchagua Monika. Monika alicheza vizuri sana, lazima niliandike hilo.

Njiani kurudi tulipita kando ya foleni ya malori. Karibu na nyumbani akasema, "Baba, ulivishona vizuri lakini." Afadhali angenitukana.

Mwezi uliopita nilikwenda Ruanda kwa msiba, nikapita kwenye kile kijito. Ilikuwa Jumapili. Watoto walivuka juu ya daraja la mbao wakiwa na viatu miguuni, kila mmoja na vyake, wanakanyaga tope na kupigana mateke. Hakuna aliyesimama kunawa. Nilifurahi kwa ajili yao, na bado nilisimama pale muda mrefu nikimtafuta hata mmoja aliyening'iniza viatu shingoni.

Jozi mpya ya Sekela imefika wiki hii. Alikuja nayo kibandani kwangu, mbele ya wateja, akaniwekea kimoja mkononi. Mgeni hajasema kama atarudi mwakani.

"Vunja, baba. Polepole, hapa kwenye upinde wa mguu."

Nikakivunja. Ule mchoro wa ukanda wa chuma nimeufuta kwenye daftari, nikachora bawaba na mlango, na chini yake nimeandika hasara: jozi moja, shilingi laki mbili na elfu kumi na tano.