Mlinzi wa Madumu ya Kuluba

Kundi la Romano, pale mtaani Oli, Arua, lilinichukua kwa sababu sinywi. Pombe kali ya waragi, ikipikwa nyumbani bila leseni, ilikuwa marufuku, na kila aliyetumwa kuileta mjini kutoka Kuluba kwa baiskeli alifika amelewa, dumu likiwa nusu. Mimi Tahiru, Mwislamu, mjukuu wa askari, sikuwahi hata kulamba kifuniko. Romano aliniita mwaminifu. Nikavimba kichwa.

Kulikuwa na kundi la pili, la Mogga wa Koboko, lililotaka barabara iwe yake. Lilikuwa limemkata mwenzetu Yangi mkono wa kulia, na sisi tukachoma nyumba ya mtu wao. Mogga akatangaza sokoni kwamba atakayepita tena atakatwa vilevile. Mimi ni fundi wa baiskeli. Bila mikono nabaki mdomo, na mdomo wangu haujawahi kulisha mtu.

Nilikwenda hata hivyo, mwezi wa Ramadhani, nimefunga. Panga nalo nililifunga kwenye fremu kwa mpira wa tyubu, kifundi, lisitingishike. Njiani niliwakunjia uso hata mbuzi.

Mpikaji wa Kuluba alinipakilia madumu mawili. Yalinuka waragi. Nikageuza pua kwa uchaji, nikaondoka.

Kwenye mashamba ya muhogo, Mogga na watu wake walitokeza.

"Shuka, afande," alisema.

Nikashika panga. Halikutoka. Nikavuta kwa nguvu; baiskeli nzima ikaja nalo, tukaanguka, mimi chini.

"Ngojeni," Mogga aliwaambia wenzake. "Mutu iko napigana na baiskeli yake kwanza."

Waliulaza mkono wangu juu ya gogo. Mmoja akamimina kidogo kutoka kwenye dumu, akawasha kiberiti, maana waragi nzuri huwaka bluu. Kiberiti kilizima. Akaonja, akatema.

"Maji."

Dumu la pili, maji.

"Mzigo umepita njia ingine," Mogga alisema taratibu. "Romano ametuma wewe tukate wewe. Hukuonja?"

"Nimefunga."

"Na siku ingine?"

"Sinywi."

Aliitazama midomo yangu iliyopasuka kwa kiu, akayatazama madumu, akacheka mpaka akaketi chini.

"Achia yeye. Nikikata huyu, Koboko yote itacheka mimi."

Nilipofika Oli, Romano aliitazama mikono yangu kabla ya kunitazama usoni. Sikuhitaji kuuliza kitu. Nilimwambia atafute mwaminifu mwingine.

Nyumbani, maji yale hayakufaa hata kufuturia, kwa harufu. Mke wangu Asiya aliyamwagia maua. Kisha akaukata ule mpira kwa kisu cha jikoni, mara moja tu, na panga likaanguka miguuni pangu.

"Hili ndilo lililokulinda?" aliuliza.

Adhana ikalia. Akaniletea kikombe cha maji ya mtungi. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakaa nacho kidogo kabla ya kunywa.